Barua kwa Rehema: sindano ya kila wiki na tumbo lisilo tupu

Rehema mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa zamu za usiku. Uliniuliza ni lipi kati ya mambo mapya ya fani yetu ya dawa za usingizi ungelisoma kwanza. Jibu langu ni sindano za semaglutidi na dawa za jamii yake, zile za kisukari na kupunguza uzito.

Dawa hizi hushusha sukari na kukata hamu ya kula, lakini pia huchelewesha chakula kutoka tumboni. Mgonjwa anaweza kutii kila tulichomwambia, saa sita tangu mlo mwepesi, saa mbili tangu maji, na bado akaingia chumba cha upasuaji akiwa na chakula tumboni. Ukishamlaza kwa dawa ya usingizi, kilichomo kinapanda na anapaliwa. Mendelson, daktari wa uzazi wa Marekani, alieleza hatari hii kwa wajawazito tangu mwaka 1946. Siku hizi imewafikia watu ambao kwa macho tu hatungewashuku.

Juni 2023, chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, ASA, kilishauri anayechoma kila wiki aache wiki moja kabla ya upasuaji, na anayetumia kila siku aache siku hiyohiyo. Ushauri huo haukuniridhisha. Semaglutidi huchukua takriban wiki nzima kupungua kwa nusu mwilini, kwa hiyo ukiruka sindano moja bado umebaki na dawa nyingi. Mwaka 2024 jarida la JAMA Surgery likachapisha utafiti wa watu 124 waliopimwa tumbo kwa ultrasaundi kabla ya usingizi: asilimia 56 ya watumiaji walikutwa na mabaki mengi, dhidi ya asilimia 19 ya wasiotumia. Urefu wa muda wa kuacha dawa haukuonekana kuleta tofauti.

Lakini usikimbilie kuahirisha kila mgonjwa. Mwaka huohuo jarida la JAMA lilitoa uchambuzi wa wagonjwa wa kisukari zaidi ya 23,000 waliopasuliwa kwa dharura, na matatizo ya kupumua baada ya upasuaji yalikuwa asilimia 3.5 kwa watumiaji na 4.0 kwa wengine. Mimi nadhani sehemu ya sababu ni kwamba mgonjwa wa dharura tunamhesabu tangu mwanzo kuwa ana tumbo lililojaa, tukamlaza haraka na kuweka mpira wa kupumulia kooni mapema. Wasiwasi wangu mkubwa ni yule wa upasuaji uliopangwa, anayeonekana salama.

Mwongozo wa pamoja wa vyama kadhaa vya madaktari, wa Oktoba 2024, umenipendeza zaidi. Wengi waendelee na dawa. Walio katika hatari kubwa, yaani wanaoongezewa dozi, wenye dozi kubwa, wenye kichefuchefu, kutapika au choo kigumu, wapewe vyakula vya majimaji tu kwa saa 24 kabla. Siku yenyewe, ukiwa na shaka, tazama tumbo kwa ultrasaundi.

Jifunze kipimo hicho, tafadhali. Mlaze mgonjwa kwa ubavu wa kulia, weka kifaa chini ya kifua, utafute sehemu ya mwisho ya tumbo. Ukiona chakula kigumu, mchukulie kama aliyetoka kula. Maji safi yasiyozidi mililita 1.5 kwa kila kilo ya uzito ni ya kawaida. Ni dakika chache tu, na unaamua kwa ulichokiona.

Kabla ya hapo lipo swali la mdomo, na hili nalitilia mkazo kuliko mashine. Ukiuliza “unatumia dawa gani?” wengi hawaitaji sindano ya uzito, hawaihesabu kuwa dawa. Uliza kwa jina lake: unachoma sindano ya kupunguza uzito? Mara ya mwisho lini? Dozi imeongezwa karibuni? Tumbo limekaaje leo?

Nitumie nakala ya fomu mnayojaza kliniki kabla ya upasuaji. Nataka kuona kama swali hilo limo, na kama halimo tuliandike pamoja.

Wako,
Idrisa