Nani Aliyezikusanya? Barua ya Wazi kwa Watafiti Vijana

Wanangu mnaoanza kazi ya utafiti,

Salamu nyingi. Mimi ni fundi wa maabara mstaafu. Kwa miaka 34 nimeosha mirija, nimepima damu, nimebandika lebo na kulinda friza za watu walionizidi vyeo. Sikuwahi kuwa profesa, na siandiki kama profesa. Kuna jambo moja nimelibeba muda mrefu, na nyinyi ndio mnaofaa kulipokea.

Kila mnapofunga utafiti mnaandika: sampuli zilikusanywa, damu ilipimwa, data zilichambuliwa. Lugha yetu inatupa njia rahisi mno ya kusema hivyo. Unachomeka w moja ndogo ndani ya kitenzi, na aliyefanya kazi anatoweka. Najua kwa nini sayansi inapenda kauli hiyo. Jambo la kweli linapaswa kubaki kweli hata likipimwa na mtu mwingine, mahali pengine. Sigombani na hilo. Ninachowaomba ni kwamba w hiyo ibaki kwenye makala, isihamie vichwani mwenu.

Niwasimulie. Usiku mmoja umeme ulikatika na jenereta likagoma kuwaka. Nilipofika alfajiri, friza iliyotakiwa kuwa nyuzi 80 chini ya sifuri ilikuwa inachuruzika maji. Binti mmoja aliyekuwa akisomea uzamivu alikuwa ametangulia. Alikuwa ameketi sakafuni, vichupa kavipanga kwenye trei, anavifuta kimoja kimoja kwa pindo la koti lake jeupe ili aisome namba kabla wino haujatoka. Hakuwa analia. Alikuwa anazisoma namba kwa sauti ya chini, kama mwalimu anayeita majina darasani. Nikakaa pembeni yake, nikaanza kuandika alichokuwa anakisoma. Tulimaliza jua limeshapanda. Zaidi ya nusu ya kazi ya miaka mitatu ilikuwa imeharibika.

Tasnifu yake ilipotoka niliitafuta siku ile ndani yake. Nilikuta sentensi moja: baadhi ya sampuli hazikutumika kutokana na sababu za kiufundi. Hakusema uongo, na wala simlaumu, maana ndivyo alivyofundishwa kuandika. Lakini mwanafunzi atakayeisoma, siku friza yake ikimfia, atadhani ni yeye peke yake aliyewahi kupatwa na balaa hilo. Kwa hiyo simulianeni. Msipouandika msiba wenu kwenye makala, mwambieni aliyeko meza ya pili. Mwambieni msimamizi siku hiyo hiyo, msisubiri hadi mpate cha kufunikia. Nimeona vijana wazuri wakianza kubadilisha namba kidogo kidogo, na karibu kila mara ilianzia kwenye hasara waliyoona aibu kuitaja.

Mtakapokata tamaa mtasimuliwa habari za mwanasayansi Katalin Karikó. Ni habari ya kweli. Mwaka 1995 alishushwa cheo chuoni kwa sababu utafiti wake wa mRNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini mwilini, haukuwa unaleta fedha. Akaendelea. Makala yake kubwa na Drew Weissman ikatoka mwaka 2005, njia yao ikaja kutumika kwenye chanjo za UVIKO-19, na mwaka 2023 wakapewa Tuzo ya Nobel. Isomeni, ila msiifanye mizani ya kujipimia. Wako walioshikilia kwa moyo ule ule wasipate kitu.

Mimi humkumbuka zaidi Guillaume Le Gentil, mtaalamu wa elimu ya nyota wa Ufaransa. Mwaka 1760 alipanda meli kwenda Pondicherry, India, akaitazame sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Vita vikamfungia njia. Siku yenyewe, mwaka 1761, ikamkuta baharini, na juu ya meli inayoyumba hakuweza kupima chochote cha maana. Zuhura ilikuwa ipite tena baada ya miaka 8, na baada ya hapo asingekuwa hai kuiona nyingine. Akaamua kusubiri huko huko. Mwaka 1769 alikuwa Pondicherry, vyombo tayari, na asubuhi ile wingu likalifunika jua. Aliporudi kwao mwaka 1771, baada ya miaka 11, alikuta ameshahesabiwa kuwa amekufa, ndugu wanagawana mali yake, na nafasi yake katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa kapewa mwingine. Huyu hakukosa bidii wala akili. Wingu tu. Anayewaambia kwamba juhudi hailipwi patupu hajakaa maabara muda wa kutosha.

Sasa turudi kwenye ile w. Mwaka 1952 picha ya eksirei ya DNA, kemikali inayobeba urithi wa viumbe, ilipigwa jijini London, ile iitwayo Picha ya 51. Siku hizi wengi wanajua kwamba mwanasayansi Rosalind Franklin hakupewa heshima yake. Picha ilionyeshwa kwa James Watson, aliyekuwa akitafuta umbo la DNA, bila Franklin kujua, na Franklin akafariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37, miaka minne kabla ya Watson na wenzake Crick na Wilkins kupokea Nobel kwa kugundua umbo hilo. Ni vizuri tumemrudisha. Lakini aliyesimama kwenye mashine na kuipiga picha yenyewe alikuwa mwanafunzi wake, Raymond Gosling, na hata katika kurekebisha dhuluma ile wengi wetu bado tunamruka. Ndivyo inavyokuwa. Tukimtoa mmoja gizani tunaridhika, hatuulizi nani mwingine yumo.

Mbegu za Leningrad, mji wa Urusi unaoitwa sasa St. Petersburg, nazo zilihifadhiwa. Hilo neno moja limebeba vifo. Mtaalamu wa mimea Nikolai Vavilov na wenzake walikuwa wamekusanya mbegu za mazao kutoka pembe nyingi za dunia. Yeye alikamatwa na serikali yake mwaka 1940, akafia gerezani mwaka 1943. Huku nyuma mji ulizingirwa na jeshi la Wajerumani kuanzia Septemba 1941, na watu wakafa kwa njaa mitaani. Watafiti waliobaki na mbegu zile hawakuzila. Mtaalamu wa mpunga, Dmitri Ivanov, alikufa kwa njaa akiwa amezungukwa na pakiti za mpunga. Mwenzake aliyesimamia karanga alifia mezani pake. Sisemi mfe kwa ajili ya sampuli. Kama ningekuwepo, sijui ningewashauri nini, na bado nalifikiria. Ninachosema ni kwamba mkifungua pakiti ya mbegu kutoka hazina yoyote, muishike kwa mkono unaojua kwamba palikuwa na mtu.

Na palikuwa na mtu pia upande wa pili wa sindano. Mwaka 1951 seli zilichukuliwa kutoka kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyekuwa akitibiwa saratani ya mlango wa kizazi huko Baltimore. Hakuombwa ruhusa. Alifariki Oktoba mwaka huo huo akiwa na miaka 31, na seli zake zikaendelea kukua, zikatumika katika majaribio ya chanjo ya polio, zikasambazwa maabara nyingi za dunia. Familia yake ilikuja kujua miaka zaidi ya 20 baadaye.

Nakumbuka mama mmoja aliyeniuliza, nikiwa nimeshafunga pamba kwenye mkono wa mwanawe, "Majibu nitayapata lini?" Nikamwambia nitauliza. Niliuliza kweli, nikajibiwa kwamba utafiti huu haurudishi majibu kwa mtu mmoja mmoja. Sikurudi kumwambia. Ni miaka mingi, na ndilo jambo ninalolijutia kuliko sampuli zote zilizonipasukia mkononi. Kabla ya kumchoma mtu, jueni atarudishiwa nini, na kama ni hapana, mwambieni hapana akiwa bado na uwezo wa kuondoa mkono wake.

Niseme na langu, kisha niwaache. Kuna mradi nilioufanyia kazi miaka sita. Makala ilipotoka, mashine ilitajwa kwa jina, toleo lake na kampuni iliyoitengeneza. Mimi niliyeiendesha usiku na mchana sikutajwa, hata kwenye shukrani. Iliniuma. Sikudai kuwa mwandishi, maana wazo halikuwa langu. Mstari mmoja ungenitosha, niwaonyeshe wanangu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza wekeni karatasi ukutani, kila anayegusa kazi aandikwe: dereva, anayeosha vyombo, mkalimani, muuguzi, mlinzi aliyepiga simu friza ilipolia. Msingoje mwisho, mwishoni mtasahau.

Makala yenu ya kwanza ikitoka, nitumieni. Macho yangu yamechoka, nasoma polepole, ila nitaanzia kwenye shukrani kama nifanyavyo siku zote.

Mzee wenu,
fundi wa maabara mstaafu