Kabla hujanunua pampu nyingine, sikiliza kifuniko cha tangi

Gari linawaka vizuri asubuhi, linatoka Katuba, mjini Lubumbashi, bila shida, halafu kabla ya kufika Likasi linaanza kukohoa na kuzimika. Unasimama kando ya barabara, unangoja kidogo, unawasha, linakubali. Kilomita chache mbele, yale yale. Wateja wanaotuletea magari waliyojiundia wenyewe mara nyingi wamekwisha kubadilisha pampu, chujio, hata kabureta. Sisi tunaanza na swali hili: likizimika, ukafungua kifuniko cha tangi, unasikia hewa ikivutwa ndani, "fyuuu"? Kama unaisikia, iache pampu kwanza. Tangi lako halipati hewa.

Kila lita ya esansi (petroli) inayokwenda kwenye injini huacha nafasi, na nafasi hiyo lazima ijazwe na hewa. Isipopata njia ya kuingia, tangi linavuta kwa ndani mpaka pampu inashindwa. Tangi la bati jembamba hubonyea ubavuni kama chupa ya maji iliyonyonywa na mtoto. Mara nyingi chanzo ni kifuniko cha sokoni. Kuna vifuniko vyenye vali ya kupitisha hewa, na kuna vilivyozibwa kabisa kwa sababu kwenye gari vilikotoka hewa ilipita kwenye mpira wake wa pembeni. Kwa nje vinafanana mno.

Basi wengine hutoboa kifuniko kwa msumari, safari inaendelea. Hilo tunalikataa, na tutaendelea kulikataa hata mteja akikasirika. Esansi hupanda kwenye kona na kumwagika. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauruki juu ukapotea. Unashuka na kujikusanya sakafuni, chini ya kiti, karibu na betri. Gari likipinduka, tundu hilo linakuwa bomba. Tena kuna joto: jaza lita 40 asubuhi mpaka shingoni, jua la Oktoba lipandishe joto la esansi kwa nyuzi 20, nayo itaongezeka kwa karibu robo tatu ya lita. Itatokea wapi?

Kazi tunayofanya ni hii. Mpira wa hewa unaanzia sehemu ya juu kabisa ya tangi, tundu lake la ndani si chini ya milimita 6. Sisi tunapenda 8. Ni mpira wa esansi, si ule wa maji, ambao hukakamaa na kupasuka. Unapanda juu kuliko mdomo wa kujazia, unavuka upande wa pili wa gari, ndipo unashuka. Kwa kuvuka hivyo, gari likilala ubavu wowote, sehemu fulani ya mpira inabaki juu ya esansi. Pale juu tunafunga vali yenye kigololi inayojiziba gari likipinduka. Ncha inatokea nje, chini ya sakafu, mbali na bomba la moshi na nje ya njia ya matope ya magurudumu. Usiruhusu mpira ulegee ukafanya bonde katikati: esansi ikituama hapo, ni sawa na kuuziba.

Kwenye ncha tunaweka chujio dogo. Kuna vumbi jekundu la kiangazi, na kuna nyigu wanaojenga kwa udongo. Tumeshachomoa kwenye mpira kizibo cha udongo mkavu chenye urefu wa kidole, ndani yake buibui waliowekewa watoto wa nyigu. Mwenye gari alikuwa anatafuta pampu.

Anayejaza kwa bidoni anahitaji pia mpira wa pili, mnene zaidi, kutoka juu ya tangi hadi juu ya shingo, la sivyo esansi itamrudia usoni. Mazutu (dizeli) haitoi mvuke mwingi, lakini tangi lake nalo lazima lipate hewa.

Ukitaka kupima nyumbani, chomoa mpira upande wa tangi, mahali pa wazi pasipo moto wala sigara, kisha pitisha hewa kwa pampu ya baiskeli. Usipeleke kompresa kwenye tangi, itapasua maungio.

Ukiweza, lete tangi kabla halijaingia esansi. Lililokwisha kutumika hatuligusi kwa moto mpaka lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha lijazwe maji, ibaki nafasi ndogo tu pale tunapochomelea. Kulianika juani hakutoshi. Tangi "tupu" lenye mvuke ndilo linalolipuka. Kwa hiyo kazi hiyo huchukua muda, na hatuifanyi kwa haraka. Njoo pia na kifuniko utakachokitumia, chenyewe, si kingine kinachofanana nacho.