Bata wako nao wapate tone

Ifakara,
4 Oktoba 2025

Shoga yangu Mama Zuhura,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, joto tu ndilo limetuzidi. Majaruba yamekauka hadi yamepasuka.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kuku kumi na saba ndani ya siku nne! Pole sana mwenzangu. Kinyesi cha kijani, shingo kupinda, kuku kuzunguka kama kalewa, hicho ni kideri, hakuna cha kubishania. Ila kilichonifanya nishike kalamu usiku huu ni pale mwisho ulipoandika kwamba unamshukuru Mungu bata wote sita ni wazima, na Jumamosi unaleta matetea mapya. Mama Zuhura, usiwalete. Ngoja kwanza.

Bata kuwa mzima si kwamba kideri kilimruka. Anaweza kuingiwa na virusi akaendelea kula na kuoga, wewe huoni dalili yoyote, kumbe anavimwaga kwenye kinyesi. Halafu anachovya mdomo kwenye sufuria ile ile anayonywea tetea. Mimi haya nimeyajua kwa hasara. Mwaka juzi nilinunua dume la bata mnadani, lile lenye manyama mekundu usoni, ukilisogelea linapuliza kama nyoka. Wiki ya pili kuku wangu wakaanza kusinzia. Siwezi kuapa kwamba ni yeye aliyekileta, maana hata tenga nililombebea lilikuwa la kuazima, na tenga nalo hubeba ugonjwa. Ninachojua ni kwamba nilizika kuku ishirini na wawili, na dume likazidi kunenepa.

Tangu hapo nikichanja kuku, nachanja na bata. Mara ya kwanza nilifanya ujinga. Nilinunua chanjo ya kuchanganya kwenye maji, nikawanyima maji asubuhi ili wawe na kiu, nikatia na maziwa ya unga kidogo, kwa sababu dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba huua chanjo. Mpaka hapo nilikuwa sawa. Kuweka beseni chini tu, bata wakaingia wazimawazima! Mmoja kaoga, mwingine kachovya kichwa na kujirushia mgongoni, na ndani ya dakika tano chanjo yote ikawa tope. Kuku walikuwa wamesimama pembeni wanatazama. Nilitamani kulia, nikaishia kucheka.

Siku hizi natumia ile chanjo ya kideri ya tone la jicho, iitwayo I-2. Tone moja kwenye jicho moja, awe kifaranga au dume la kilo nne, dozi ni hiyo hiyo. Karatasi ya chupa inataja kuku, lakini bwana mifugo wetu alinihakikishia kwamba bata naye anapewa vivyo hivyo. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, ndiyo maana inatufaa sisi tusio na friji, ila isikufanye uiache juani. Mimi naifunga kwenye kitambaa kibichi naiweka kando ya mtungi. Na ukienda kununua, angalia wameitoa wapi. Kuna duka moja la dawa za mifugo hapa mjini walinipa chupa iliyokuwa dirishani inapigwa na jua, nikawarudishia.

Kumshika bata ndiyo kazi. Usimkamate miguu kama kuku, makucha yake yatakuchora mikono yote. Bana mabawa kwa kwapa, kichwa kielekee mbele, na mtu wa pili adondoshe. Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea: bata ana utando mwembamba ndani ya jicho, ukisogeza kichupa anauvuta, tone linateleza hadi shavuni na wewe unadhani umemaliza. Subiri afungue jicho, dondosha, kisha mshike hivyo hivyo mpaka uone tone limezama. Likiteleza, rudia.

Mwanangu alinionyesha kwenye simu kwamba Ufaransa tangu Oktoba 2023 wanachanja bata kwa mamilioni, sindano kabisa. Wao ni kwa ajili ya mafua ya ndege, ugonjwa mwingine huo, ila kisa kinafanana. Marekani wakazuia kuku na bata wa huko kwa hofu kwamba bata aliyechanjwa anaweza kuficha ugonjwa. Nikamwambia mwanangu, wa kwetu wanaficha hata bila chanjo.

Basi wewe fanya hivi. Choma vilivyobaki vya viota, fagia banda, liache wazi lipigwe jua. Bata wape tone sasa, ingawa chanjo haimsafishi aliyekwisha kuingiwa, kwa hiyo usimtegemee mara moja. Matetea wachanjwe huko huko kwa muuzaji wangali wazima, kisha wakae wiki mbili ndipo uwahamishe, kwani kinga haiji siku ile ile. Baadaye rudia wote kila miezi mitatu. Chupa niliyonunua ilikuwa ya ndege 100, kwa hiyo changeni na majirani. Pia uliza ofisi ya kata kuhusu ile kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo iliyozinduliwa mkoani Simiyu mwezi wa Juni, kuku wa asili wanachanjwa bure. Wachanjaji wakifika, watolee na bata, usisubiri kuulizwa.

Na yule bata aliyelalia, umesema ana siku ishirini? Mwache, bado kumi na tano. Vifaranga nao watapata tone lao.

Kichupa changu cha akiba nitampa kondakta wa basi la Jumatano. Na Mama Zuhura, yule jogoo wako mweupe naye amekwenda? Hukumtaja.

Wako,
Mama Rehema