Wenye viwanda Nyanda za Juu, leteni na usaili huku

Mhariri,

Kila msimu wa mahafali ukikaribia, simu yangu hujaa meseji za aina moja kutoka kwa wadogo zangu wanaomaliza uhasibu kwenye vyuo vya Mbeya na Iringa: "Dada, kampuni fulani wametangaza ile programu ya kuandaa viongozi wa idara ya fedha. Niombe, au ni ya watoto wa wakubwa?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, ndiyo maana naomba nafasi kwenye gazeti lako. Njia hiyo nimeipita. Niliomba mwaka 2015 nikakosa, nikaomba tena 2016 nikapata. Leo ni mhasibu wa gharama katika kiwanda cha vinywaji.

Kwanza, hilo neno "viongozi" lisiwatishe wala lisiwavimbishe kichwa. Mimi lilinivimbisha. Siku ya kuripoti nilivaa koti na viatu vya kisigino, nikijua nakwenda kukalishwa kwenye kiyoyozi. Juma zima la kwanza nilikuwa uani na mtunza bohari, mzee wa Kisafwa asiye na haraka na mtu, tunahesabu kreti za chupa tupu. Kreti, mhariri, na shahada yangu! Siku ya tatu hesabu yetu na ya kompyuta zikapishana kreti mia mbili na ushee. Nikaanza kuwaza wizi. Mzee akafungua daftari lake, akanionyesha lori lililorudi Jumamosi usiku, tarehe 30, likaingizwa kwenye mfumo Jumatatu, tarehe 2. Mzigo wa mwezi mmoja umeandikwa mwezi mwingine, basi. Somo la kufunga hesabu za mwezi nililisoma muhula mzima chuoni, lakini nililielewa pale uani.

Ndivyo programu hizi zilivyo: unazungushwa idara hadi idara ili uijue kazi. Si jambo jipya. General Electric ya Marekani ilianza kuwaandaa vijana wake wa fedha mwaka 1919, na programu yao ilikuja kujulikana kwa mtindo wa miaka miwili yenye zamu nne za miezi sita sita. Yetu ilikuwa ya miezi 18: sita ya bohari na gharama za uzalishaji, sita ya madeni ya mawakala, sita ya bajeti na makadirio. Mwisho unapimwa, unapangiwa kazi au unaagwa. Tuliingia watano, tukabaki watatu.

Wengi wanaoniandikia wanachanganya kazi hii na ya benki. Benki inapokea amana na kukopesha. Huku ndani ya kampuni swali la kila siku ni moja: pesa yetu imelala wapi, na itaamka lini? Imelala kwenye sukari iliyojaa ghala, kwenye chupa, kwa wakala wa Tunduma ambaye hapokei simu. Anayekaa makao makuu kuamua kama kiwanda kinunue mtambo mpya wa kuoshea chupa, halafu hajawahi kusikia chupa zikipasuka kwenye ule wa zamani, ataamua kwa kubahatisha.

Sasa niseme nilivyopita usaili, kwa kuwa ndicho mnachoniuliza zaidi. Mwaka 2015 sikufika hata mbele ya mtu. Kulikuwa na mtihani wa hesabu na mantiki wa kwenye kompyuta, kila swali na sekunde zake, nikaufanyia kwenye intaneti kafe ya Mwanjelwa. Niliyajua maswali, saa ndiyo iliyonishinda. Baadaye nikagundua kwamba wenzangu walikuwa wamejipima na mitihani ya namna ile hata mara kumi kabla ya siku yenyewe. Mimi sikujua kama kuna kitu cha kujipimia. Jambo hili moja limewatoa vijana wa huku wengi kuliko GPA, yaani wastani wa alama za chuo.

Mwaka uliofuata nikaitwa Dar es Salaam. Swali lililonibeba lilikuwa hili: wakala ananunua bidhaa za shilingi milioni 40 kila mwezi, alizoea kulipa baada ya siku 30, sasa analipa baada ya siku 45. Pesa analeta yote. Tatizo liko wapi?

Mimi ni mtoto wa Kiwira. Mama yangu anauza ndizi kwa wenye malori ya Dar kwa mali kauli: mzigo unaondoka leo, pesa inarudi na safari ijayo. Lori likichelewa wiki mbili, mama hana cha kuwapa wakulima waliomletea mikungu, anakwenda kukopa kwenye kikoba kwa riba. Kwa hiyo sikuhitaji kitabu. Nikawaambia: kwa siku 30 tunamdai milioni 40, kwa siku 45 tunamdai milioni 60. Milioni 20 za ziada zimelala kwake. Tukikopa benki kuziba pengo hilo kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, tunalipa milioni 3 kila mwaka ili yeye afanye biashara. Mmoja wa wasaili akaweka kalamu chini, akauliza mama yangu hufanyaje. Nikasema humwambia mwenye lori, "Safari hii nusu mkononi, ndipo mzigo upande." Wakacheka, lakini nikaona ameiandika.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kwa kampuni. Nilifika kwenye kiti kile kwa nauli ya kukopa kwa shangazi. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, na miaka ile mabasi hayakutembea usiku. Nikaondoka alfajiri, nikaingia Ubungo giza limeshatanda, nikalala Mbagala kwa ndugu, saa mbili asubuhi niko kwenye kazi za vikundi za usaili na watu waliotoka vitandani kwao. Anayetoka Makete au Ludewa ana siku nyingine ya kuongeza. Wangapi hupata barua ya kuitwa wakaikunja?

Na viwanda viko huku! Bia na soda Mbeya, saruji Songwe, chai Rungwe na Mufindi, karatasi Mgololo, maziwa Iringa. Mhitimu anachaguliwa Dar, analetwa Mufindi mwezi wa sita, na baridi ile inamfanya aandike barua ya uhamisho kabla ya Agosti. Nimewaona wawili kwa macho yangu, na siwalaumu. Serikali yenyewe, tunayoisema kila siku kwa urasimu, iliwafanyia walimu usaili mikoani mwao mwaka 2025. Kampuni yenye kiwanda, ukumbi na magari yake Mbeya inashindwa nini?

Vyuo navyo vina lao. Kijana wa uhasibu anapelekwa fildi kwenye ofisi ambako kazi yake ni kutoa fotokopi na kufuata chai. Mpelekeni kiwandani, hata wiki tatu, akahesabu kreti.

Kwenu wadogo zangu: jifunzeni Excel ya kweli, siyo ile ya kuandika kwenye CV. Matangazo niliyoyaona mimi yalitaka GPA ya 3.5 kwenda juu, basi kama unayo usijitoe mwenyewe. CPA, ile sifa ya juu ya uhasibu, si lazima uwe nayo unapoomba. Mitihani yake ya NBAA, bodi ya wahasibu, ipo Mei na Novemba, nami niliianza nikiwa tayari ndani ya programu. Somo la kodi nililirudia mara mbili na sijafa. Na ukiulizwa kuhusu biashara, usikimbilie maneno ya slaidi. Kama kwenu kuna duka, shamba la parachichi au bajaji ya mkataba, anzia hapo.

Kampuni yoyote itakayokubali kufanyia mtihani na usaili wake Mbeya, najitolea kusimamia chumba Jumamosi nzima bila posho. Kompyuta waje nazo. Chai ya Katumba nitachemsha mimi, na ndizi zitatoka kwa mama, ila yeye hauzi tena kwa mali kauli.

Msomaji wako,
Mhasibu wa gharama, Uyole, Mbeya
(Jina limehifadhiwa)