Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kupekua Trei

Wanachama wenzangu wa chama cha wakusanya sarafu, mwangaluka! Nianze bila kona nyingi maana najua wengine mnaisoma hii kwenye simu mkiwa ndani ya daladala ya Igoma hapa Mwanza. Mambo ya hela za chama atayasoma mweka hazina siku ya mkutano, mahudhurio anayo katibu, mimi nimebaki na lile lililotuchangamsha mwaka mzima, yaani sarafu za maana zilizokuwa zimelala kwenye trei za wauzaji zenye lebo isiyo yake au bei ya kutupa, na watu wetu wakaziona.

Kwanza tuelewane hapa. Vijana wengi wamejiunga mwaka huu na karibu wote wamekuja na swali moja, "mwenyekiti nina senti ya tundu ya 1936, inauzwa milioni ngapi?" Jamani. Ile ya 1936 yenye jina EDWARDVS VIII ni ya mfalme aliyekalia kiti kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huo huo akajiuzulu hata kutawazwa bado, kwao Uingereza sarafu zake hazikuingia mtaani, ila huku Afrika Mashariki senti tano na senti kumi zilitoka kwa sababu zile za tundu hazina sura ya mtu, ni jina tu. Ndio maana stori ni tamu. Lakini zilifuliwa nyingi sana, mpaka leo zinapatikana kwa bei ya kawaida kabisa, na anayekuambia milioni anatafuta wa kumpiga. Tena kuna 1936 za George V, mfalme wa kabla yake, nazo, kwa hiyo kwenye maonyesho yetu tumeona mfuko mzima umeandikwa "Edward" na nusu yake ni George. Soma jina, mwaka peke yake haukusaidii.

Sasa dili lenyewe linapatikanaje? Mimi naona hivi: kila muuzaji ana kitu anachokijua na kitu asichokijua, na sarafu ya bei chee utaikuta kwenye kile asichokijua. Yule jamaa aliyekuja kwenye maonyesho yetu ya katikati ya mwaka, wa rupia, mnamkumbuka, kwenye fedha za Mjerumani, zile za enzi za ukoloni wake huku, humuibii hata kidogo, rupia zake zote kazipima, kaziweka kwenye plastiki, bei kali. Ila pembeni alikuwa na kibakuli kaandika "Kiarabu, chagua", bei moja kwa zote. Mama yetu mmoja wa Kirumba akakaa pale kama anachambua dagaa wa Ukerewe, moja moja, anageuza upande wa pili. Ikatoka pesa, ndilo jina la kisarafu cha shaba, ya kampuni ya Kijerumani, upande mmoja maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria, upande wa pili tai na jina la kampuni kwa Kijerumani, mwaka 1890. Hizo zilitoka 1890 hadi 1892 na pesa 64 zilikuwa rupia moja. Muuzaji alizipanga zote upande wa Kiarabu ukiwa juu kwa hiyo tai hakuna aliyemwona! Humo humo ikatoka pesa ya Mombasa ya 1888, ile ya kampuni ya Waingereza yenye picha ya mizani, imeitwa "Zanzibar" kisa mizani tu, kwa vile za Sultani Barghash za mwaka 1299 wa Hijria nazo zina mizani. Ya Sultani ni Kiarabu kitupu, ya Mombasa ina Kiingereza. Sekunde mbili unamaliza.

Halafu kuna ile ya sumuni, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana kwangu ndiyo bora ya mwaka. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilianza na florini mwaka 1920, florini moja ni shilingi mbili, mambo hayakudumu, 1921 wakahamia kwenye shilingi ya senti mia. Kwa hiyo senti hamsini ya 1920 ni nusu florini na imeandikwa ONE SHILLING, ila kuanzia 1921 senti hamsini ni HALF SHILLING, sumuni tunayoijua wote. Ile ya 1920 ni nzito, gramu 5.83, sumuni ya kawaida ni 3.89, na ile ya kwanza nusu yake ni fedha halisi wakati iliyofuata fedha ni robo tu. Nyingi zilirudishwa zikayeyushwa. Kijana wetu wa Buzuruga kaikuta kwenye rundo la sumuni, imechakaa kiasi, lakini 1920 inasomeka, na muuzaji alikuwa anauza rundo zima kwa kuhesabu vichwa. Kijana hakupiga kelele wala hakuruka, kachukua na nyingine nne za kawaida, kalipa, kaja nyuma ya banda kunionyesha mikono inamtetemeka.

Zile shilingi za Bodi hiyo hiyo zenye picha ya simba nazo wengi wanachanganywa. Za 1921 mpaka 1946 zina robo ya fedha, za 1948 mpaka 1952 hazina fedha kabisa ni shaba na nikeli, lakini utakuta trei nzima lebo "fedha". Hapo anayeumia ni mnunuzi. Na reale za Maria Theresa, zile sarafu kubwa za fedha zenye sura ya mtawala wa Austria, jamani, 1780 iliyoandikwa pale haimaanishi ilifuliwa 1780, mwaka huo huo umeendelea kugongwa karne mbili hivi katika miji tofauti ya dunia, hata London na Bombay. Muuzaji anayekuambia "hii ina miaka zaidi ya mia mbili" pengine hakudanganyi makusudi, naye kaambiwa hivyo hivyo.

Tabora sasa, jirani zetu. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza, Mjerumani amezibwa baharini, sarafu hazifiki, akafua mwenyewe kwenye karakana ya reli Tabora, kuna heller 5, yaani senti za Mjerumani, za shaba ya njano na heller 20 za shaba nyekundu na za njano, zote na herufi T. Zimefuliwa harakaharaka, mbaya mbaya, na ndio uzuri wake. Kwenye heller 20 angalia taji, kuna kubwa na dogo, halafu angalia ncha za zile L za neno HELLER kama zimejikunja au zimechongoka, maana mchanganyiko mwingine ni adimu kuliko mwingine na wauzaji wengi wanaziuza zote bei moja. Ukiwa na lenzi ya mara kumi kazi imekwisha. Ila ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, zilifuliwa 16,198 tu, msiote kuiokota kwenye kibakuli, mkiikuta huko ni shaba imepakwa rangi. Ya kweli ina uzito wa gramu 7.16 hivi.

Pimeni uzito kwa mizani! Nimelisema kila mkutano. Rupia ni gramu 11.66, rupia mbili za 1893 na 1894 ni mara mbili yake, na hizo ndizo zinazoongoza kwa feki. Sumaku nayo tembea nayo, fedha haishikwi na sumaku, ingawa kutoshikwa peke yake hakuthibitishi kitu. Halafu kagua ukingo, rupia nyingi za kanda yetu zilipitia kwa sonara zikawa vidani, kitanzi kinakatwa baadaye na alama ya tupa inabaki, na hiyo inashusha bei. Na kusafisha sarafu kwa limao, majivu, steeliwaya, acheni kabisa, kuna mwanachama alileta rupia inang'aa kama kijiko kipya akashangaa kwa nini hakuna anayeitaka.

Lililotugawa mwaka huu ni hili. Mwanachama mmoja alivuka kwenda Ukerewe, akanunua rupia kwa bibi mmoja kwa bei ya soda mbili, akaja kuitangaza kwenye kundi kwa furaha, kundi likawaka moto usiku kucha. Wapo wanaosema elimu yangu ndio mtaji wangu, mbona kwa yule wa kibakuli cha Kiarabu mlishangilia? Kamati imekaa, na mimi msimamo wangu sijauficha. Yule mwenye meza ni mfanyabiashara, kaweka bei mwenyewe, kesho na yeye atakukamata kwenye kitu usichokijua, huo ni mchezo wa watu wazima wawili. Bibi hana meza. Kwa hiyo tunaleta pendekezo mpige kura: ukinunua nyumbani kwa mtu asiye muuzaji, unamwambia ni sarafu gani na inauzwa kiasi gani ndipo mnapatana. Wenye hoja ya kupinga wataongea, ila dakika tatu tatu, tafadhali.

Kwa kifupi pia, kuna mtu alileta visarafu vidogo vya shaba akasema vimechimbwa pwani upande wa Kilwa. Tulikataa hata kuvipangia bei. Sheria ya Malikale ya 1964 ipo, vitu vya kuchimbuliwa vya namna ile si vya kuuza kwenye meza zetu, tulimwelekeza aende Idara ya Malikale.

Mkutano ni saa nne asubuhi, si saa tano ya Kiswahili chetu. Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi, mtu mwenye mwandiko unaosomeka atapewa kipaumbele maana lebo za trei zetu wenyewe nazo zinahitaji kuandikwa upya, trei ya tatu bado ina George aliyeandikwa Edward. Ada mlipe kwa simu kwa mweka hazina kabla ya siku hiyo. Trei ya kubadilishana inafunguliwa baada ya chai, lenzi za chama ziko mbili tu, mwenye yake aje nayo.