Mkate wa kifaduro

Galway, Ayalandi

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia mwanao amepona kikohozi. Huku sisi wazima, ila nina habari ambayo tangu niisikie imenikaa moyoni.

Yule bibi ninayemtunza, mama yake alikuwa akifuatwa na watu kwa dawa ya kifaduro. Hakuwa na mizizi wala majani. Dawa ilikuwa ndoa yake: aliolewa na mwanamume mwenye jina la ukoo kama la kwao, na hawakuwa ndugu. Watu wa huku waliamini kwamba mke wa namna hiyo akimpa mtoto mkate kwa mkono wake, kifaduro kinakwisha. Halipwi, wala haambiwi asante. Ukishukuru, dawa imeharibika. Hebu mfikirie mama aliyetembea na mtoto anayekohoa mpaka anatapika, anapokea kipande cha mkate, anaondoka kimya. Wakati huo hapakuwa na chanjo, na kifaduro kiliua watoto. Siwezi kuuita ujinga.

Wengine walimngoja njiani mtu aliyepanda farasi mweupe, wakamuuliza dawa; lolote alilosema wakalifanya. Chunjua walizisugua kwa konokono, kisha wakamchoma kwenye mwiba. Akinyauka, nazo zinanyauka. Hilo la konokono sikulipenda.

Na unajua nani aliyaandika mengi ya haya? Watoto wa shule! Kati ya 1937 na 1939 watoto wapatao 50,000 waliwauliza wazee wao, wakaandika. Daftari zao zimehifadhiwa Dublin mpaka leo.

Ndoa nazo zilikuwa na miiko. Mwezi wa Mei ni mkosi, Jumamosi vilevile. Kwaresima kanisa halikufungisha ndoa, kwa hiyo watu walioana kwa wingi kabla ya Jumatano ya Majivu. Kapera aliyebaki alichorwa chaki mgongoni akienda misa, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Bibi anamkumbuka mjomba wake akirudi na koti lenye alama nyeupe, akakaa jikoni bila kulivua. Aliponisimulia hakucheka, nami sikuweza.

Juzi nilimuuliza kama yeye mwenyewe aliwahi kupewa ule mkate. Akaniambia, "Sisi tuliula kila siku, wala hatukujua kuwa ni dawa."

Nisalimie mama na watoto wote.

Ni mimi shoga yako