Kabla ya kubadilisha kufuli, fungua kitabu cha risiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwenye nyumba mwenzangu ambaye barua yake uliichapisha wiki iliyopita. Alisema dawa ya mpangaji anayechelewesha kodi ni kumbadilishia kufuli akiwa kazini, akirudi atazitafuta pesa mwenyewe. Mimi pia ni mwenye nyumba. Napangisha vyumba sita nilivyoachiwa na mama yangu, na kodi hiyo ndiyo inayolipa karo za wanangu. Machungu ya kuona tarehe inapita na mkono mtupu nayajua vizuri. Lakini ushauri ule umenitia hofu, kwa sababu wapo watakaoufuata.

Mwaka juzi mpangaji wangu mmoja, mama wa watoto watatu, alikuwa na deni la miezi miwili kwa mujibu wa daftari langu. Nilipompigia simu alisema mwezi mmoja kati ya hiyo ameshalipa. Nikamwona mwongo. Kaka yangu akanishauri ning'oe mlango. Badala yake nilikaa chini kumwandikia notisi, na kwa kuwa nilitaka asipate pa kutokea, nikaamua kuweka kila kitu: mwezi gani, alitakiwa kulipa kiasi gani, nilipokea kiasi gani, tarehe ngapi, risiti namba ngapi. Nilipofika kwenye risiti nikaikuta pesa yake. Alikuwa amelipa kweli, ila nilikuwa nimeiandika kwenye chumba cha jirani yake. Deni lilikuwa la mwezi mmoja tu. Ningemsikiliza kaka, watoto wale wangelala nje kwa kosa la kalamu yangu.

Ndiyo maana nasema notisi iandikwe kama hesabu, na iandikwe mapema. Mimi siku ya tatu baada ya tarehe ya kodi natuma ujumbe wa kukumbusha, maneno mawili ya upole, kwa sababu wengine wamesahau au mshahara umechelewa. Kimya kikiendelea ndipo naandika notisi rasmi. Ndani yake kodi inakaa mstari wake, maji mstari wake, faini mstari wake, maana jumla isiyochambuliwa haijibiki. Siku ya mwisho ya kulipa naitaja kwa tarehe. Ukiandika "ndani ya siku saba" mtagombana siku hizo zilianza lini. Kisha naweka sentensi moja ambayo kaka yangu anaiita udhaifu: ukiona hesabu hii ina kosa, niletee risiti yako kabla ya tarehe hiyo. Nakala inabaki kwangu, na mpangaji anasaini kuwa amepokea.

Mwenzangu aliuliza sheria inataka siku ngapi. Inategemea ulipo na mkataba wako unasema nini, na tofauti ni kubwa. California notisi ya kudai kodi ni ya siku 3, na tangu mwaka 2019 Jumamosi, Jumapili na sikukuu za mahakama hazihesabiwi. New York ni siku 14, kwa maandishi. Lakini naomba wasomaji waelewe kinachotokea siku hizo zikiisha. Haki anayoipata mwenye nyumba ni ya kwenda mahakamani. Haki ya kwenda mlangoni na nyundo haimo. Uingereza ina sheria tangu mwaka 1977 inayofanya kumwondoa mpangaji wa makazi kinyume cha utaratibu kuwa kosa la jinai. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, kifungu cha 26, inasema hakuna atakayeondolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama iliyotolewa baada ya kuzingatia mazingira yote. Na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za kiuchumi na kijamii ilieleza mwaka 1997 kwamba hata pale kuondolewa kunapokuwa halali, watu wapewe notisi ya kutosha na wasitolewe usiku wala katika hali mbaya sana ya hewa.

Kwa hiyo kukata maji, kukata umeme, kung'oa mabati au kushika vitu vya mpangaji kwa nguvu zako mwenyewe ni kujitafutia kesi. Wewe uliyekuwa unadai unageuka kuwa mshtakiwa, na deni lako bado liko palepale.

Faini nayo ina mambo yake. Nimeona mkataba unaotoza asilimia 2 ya kodi kwa kila siku ya kuchelewa. Siku 30 zikipita, hiyo ni asilimia 60. Mtu aliyeshindwa kulipa kodi moja atalipaje moja na zaidi ya nusu? England tangu mwaka 2019 huwezi kutoza kitu mpaka kodi ichelewe siku 14, na unachoruhusiwa ni riba ya asilimia 3 kwa mwaka juu ya kiwango cha benki kuu. New York unasubiri siku 5, na faini haizidi dola 50 au asilimia 5 ya kodi ya mwezi, kilicho kidogo kati ya hivyo. Saini ya mpangaji haihalalishi faini ambayo sheria imeikataza.

Jambo jingine linaloniuma ni majina ya wadaiwa kubandikwa getini au kutupwa kwenye kundi la simu la wapangaji. Deni ni la watu wawili. Mtoto asilisome ukutani akienda shule.

Sisemi tusamehe kodi. Mpangaji anayeona mwezi utamshinda aseme kabla ya tarehe, asizime simu. Akileta nusu, mwandikiane: leo kiasi hiki, salio tarehe fulani, wote msaini. Ila kama notisi imeshatoka, muulize mwanasheria kabla ya kuipokea nusu hiyo, kwani zipo sheria ambazo kupokea malipo pungufu kunaibatilisha notisi na unalazimika kuanza upya.

Yule mama alilipa ule mwezi mmoja kwa mafungu mawili, na mimi nilimwandikia barua ya kuomba radhi kwa kumwita mwongo. Bado anaishi pale.

Mhariri, naomba ukipata nafasi umtafute mwanasheria atuchapishie ukurasa mmoja: notisi halali inatakiwa iwe na nini, ipelekwe vipi na kwa siku ngapi. Wenye nyumba wengi tunaojuana hatujawahi kuuona.

Mwenye nyumba, msomaji wako wa siku nyingi